Alichosema Umeme Ulipokatika

Kompyuta yangu ilijisasisha yenyewe nikiwa jikoni nakoroga uji. Sikuiruhusu. Naomba hilo lieleweke mapema, kwa sababu mafundi wa kompyuta wana tabia ya kukutazama kwa huruma na kukuuliza, "Kwani ulibonyeza nini, dada?" Sikubonyeza kitu. Miezi na miezi kile kidirisha kilikuwa kinachomoza pembeni ya skrini kuniomba ruhusa, nami kila siku nakijibu "baadaye", kama unavyomjibu mtu anayekufuata barabarani kukuuzia saa. Asubuhi ile umeme ulikatika, ukarudi, nikawasha mashine nikaenda zangu jikoni. Niliporudi na bakuli langu nikakuta skrini ya buluu, duara linazunguka, na maandishi yananiamuru nisizime.

Mimi? Naamriwa? Kwenye mashine niliyoinunua kwa jasho langu? Lakini sikuzima. Unafanyaje? Nilikaa nikanywa uji wangu nikiliangalia lile duara, na kila kijiko nilikitia tusi.

Mimi nahariri video Tabora mjini. Harusi, sendofu, kipaimara, maulidi, mahafali, arobaini. Kama umefanya shughuli yako na unataka watu wakiitazama walie pale pa kulia na wacheke pale pa kucheka, unakuja kwangu. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Anayebisha alete harusi yake tuone. Nina chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa, feni moja, viti viwili, na kompyuta hiyo niliyokuwa nikiijua kuliko ninavyomjua mume wangu.

Duara lilipoacha kuzunguka, kila kitu kilionekana kizuri. Picha mpya ya milima, alama ndogo zimepakwa rangi, karibu, karibu. Nikafungua programu yangu ya kuhariria. Ikafunguka, ikafikiri, ikapotea. Nikaifungua tena. Ikapotea tena, hata kuaga haikuaga. Nikapakua toleo jipya la programu ileile, hilo likakaa. Lakini nilipoliomba lifungue kazi zangu za zamani, lilileta picha bila sauti. Watu wanacheza, midomo inafunguka, vigelegele vinaonekana kwenye mashavu, na chumba kimya kabisa.

Kwa kazi nyingine ningesema potelea mbali. Harusi za zamani zimeshalipwa, zimeshatazamwa, na ndoa nyingine zimeshavunjika. Lakini siku ile kuna mtu alikuwa anakuja kwa ajili ya sauti, sauti tupu, hata picha hakuitaka. Na nilikuwa nimemwahidi.

Alikuwa mama mmoja mkulima kutoka Kwihara, Mmoraviani, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Miaka kadhaa nyuma tuliwafanyia sendofu ya binti yao. Siku ile, katikati ya sherehe, umeme ulikatika. Spika zikafa, taa zikafa, mshereheshaji akabaki anaropoka kwenye maiki iliyokufa. Mimi na mwenzangu, kameramani niliyekuwa nafanya naye kazi enzi hizo, tulikimbilia jenereta. Kamera moja tuliiacha kwenye stendi yake, inarekodi kwa betri, imeelekezwa meza kuu. Na ni hapo hapo, kwenye ule mparaganyiko, ndipo baba wa binti aliposimama akasema maneno.

Waliomsikia ni wale waliokuwa wamemkaribia tu, yaani binti mwenyewe na mtani wa mzee. Mama alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi anasimamia masufuria. Baadaye akasikia fununu kwamba mumewe amesimama na kusema juu yake. Juu yake! Mume ambaye tangu waoane hajawahi kumwambia neno tamu hata kwa bahati mbaya. Akamuuliza binti, binti akasema, "Alikusifu tu, mama." Akamuuliza mume mwenyewe, mume akasema, "Nilishasema." Basi akasubiri video.

Video ikatoka na muziki juu ya sehemu ile. Binti alikuja ofisini kwangu mwenyewe akashikilia, pale baba anapoongea weka wimbo, weka wimbo dada, tafadhali. Nikaweka. Mteja akitaka wimbo anapewa wimbo, na hotuba za wazee nani anazisikiliza? Nilizima sauti ya klipu nzima bila hata kuionja, nikamwaga muziki. Mama akamtazama mumewe anafungua mdomo na kuufunga huku wimbo wa mapenzi ukipiga. Alicheka, alivyoniambia. Akajua ipo siku atamng'ang'ania aseme tena.

Haikufika. Mzee alikufa msimu wa kupalilia.

Na msibani kukatokea jambo lililomkaa kooni. Yule mtani wa marehemu ni mzee wa Kizaramo, fundi cherehani hapa mjini, watu wake wamekaa Tabora tangu enzi za misafara. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, wenyewe mnajua, na mtani msibani ana ruhusa ya mambo yote. Alikuja akavaa koti la marehemu, koti la kahawia alilolishona yeye mwenyewe, akachukua fimbo yake, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akakohoa kikohozi chake kilekile, hadi watoto wakakimbia wakidhani mzee amerudi. Kisha akasimama mbele ya mjane akatangaza kwa sauti ya marehemu: "Mke wangu huyu! Ugali wake mgumu! Nimekufa kwa sababu ya ugali!" Watu walivunjika mbavu. Na alipotakiwa kurudisha koti akakataa. Koti limerudi kwa fundi wake, alisema, akaondoka nalo.

"Nilicheka na mimi," mama aliniambia alipokuja ofisini mara ya kwanza. "Mtani ni mtani. Lakini mwanangu, ndiyo maneno ya mwisho niliyoachiwa. Ugali mgumu. Maisha yangu yote, ugali mgumu. Na mimi najua siku ile alisema kitu kingine. Nataka kumsikia. Hata kama alinitukana, nimsikie mwenyewe."

Nikamwambia, mama, sauti ipo. Kazi zote ninazo kwenye diski. Njoo wiki ijayo nitakufungulia.

Sasa wiki ijayo ndiyo hiyo, na mashine imekuwa bubu.

Alifika na kikapu cha karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Haya, nifungulie." Nikamweleza ukweli. Sikuzunguka. Nikamwonyesha mumewe kwenye skrini, amesimama kwenye giza la ukumbi, mwanga wa simu ya mtu umempiga upande mmoja wa uso, mdomo unakwenda. Alimtazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Anaongea muda wote huo?"

"Muda wote huo, mama."

"Huyu? Huyu mtu wangu?" Akavuta kiti karibu. "Rudisha."

Nilirudisha. Nilirudisha mpaka nikaona haya. Nilijaribu kila programu ya kuchezea video ninayoijua, za kununua na zile nyingine. Nilijaribu kuirudisha mashine kwenye hali yake ya zamani, ikaniambia samahani, haiwezekani. Nikamwita fundi, akaja, akaniuliza nilibonyeza nini, nikamtimua. Tatizo nililijua mwenyewe. Miaka ile tulikuwa tunanyonya picha kutoka kwenye kanda ndogo za kamera, na ile programu ya zamani ilikuwa inazifungasha kwa namna yake, sauti kwa mtindo inaouelewa yenyewe tu. Mfumo mpya umeingia, programu ya zamani imekufa, na aliyejua kulifungua furushi amekufa na ujuzi wake. Kanda zenyewe? Tulirekodia harusi nyingine juu yake. Kila mtu alifanya hivyo, kanda zilikuwa ghali.

Katikati ya mahangaiko hayo ndipo mtani alipoingia. Duka lake la ushonaji liko mtaa wa pili, na Tabora hakuna siri. Alikuwa amelivaa koti.

"Mnyamwezi," alimwambia mama, "nimesikia umekuja mjini kumtafuta maiti kwenye televisheni."

"Toka hapa, Mzaramo. Mwizi wa makoti."

Akacheka, akainamia skrini. Alipomwona rafiki yake pale mdomo unakwenda, kicheko kikakatika kidogo, mimi nilikiona kinavyokatika. Halafu akageuka kwangu. "Binti, kwani tabu ya nini? Weka picha, mimi nitie sauti. Namjua huyu kuliko alivyojijua. Anasema: ugali wa huyu mwanamke mgumu—"

"Ya kwako nimeshaisikia," mama alimkata. "Nataka ya kwake."

"Shemeji, achana nayo. Alisema ugali mgumu. Hakuna jingine."

Nikamtazama yule mzee. Mimi kazi yangu ni kutazama nyuso za watu wakiwa hawajui kwamba wanatazamwa, natazama nyuso kutwa nzima, narudisha, nasogeza. Yule mzee alikuwa anaficha kitu. Na mimi mtu akinificha kitu ndiyo kwanza amenipa nguvu. Nikasema moyoni, sauti hii itatoka, mzee atake asitake, mashine itake isitake.

Nikamkumbuka mwenzangu. Yule kameramani alichoka na harusi, akahamia Usinge, akaanza kufuga nyuki na kufungua kibanda cha video. Wakati anaondoka alichukua kompyuta yetu ya kwanza kabisa, lile dubwana la mezani, kwa ajili ya kuonyeshea sinema. Nikampigia. Shughuli yenyewe ni kwamba kule kwake mtandao unapatikana ukipanda kichuguu, kwa hiyo nilimpata baada ya kumkosa sana.

"Lile dubwana lipo?"

"Lipo. Linaonyesha sinema kila siku."

"Umewahi kuliunganisha na intaneti?"

"Intaneti gani, dada? Mimi mwenyewe mtandao naupandia kichuguu."

"Ile programu yetu umeifuta?"

"Naifuta ya nini? Sijui hata kufuta."

Nilipiga kelele ya furaha mpaka muuza vitambaa akachungulia. Uvivu wa mtu mwingine ni baraka yako, nilijisemea, nikaanza kufungasha diski kwenye kitenge. Mama akasema anakuja. Nikamwambia mama, Usinge si karibu, nitakuletea kwenye flashi. Akasema, "Nimeletewa vya kutosha." Akafunga kikapu chake. Na yule mtani, hakuna aliyemwalika, naye akasema anakuja, kwa sababu haiwezekani Mnyamwezi aende mwituni bila mtu wa pwani wa kumlinda.

Tulipanda treni ya Kigoma. Mama alikaa dirishani anatafuna matobolwa, mtani anamtania njia nzima: kwamba jino litakatika, kwamba babu zake walibeba pembe za ndovu njia hii hii na yeye anashindwa kubeba kikapu, kwamba akifika Usinge nyuki watamtambua kama ndugu. Akitoa moja, mama anajibu matano. Abiria wakawa wanasogea kusikiliza. Lakini kadiri tulivyoipita Kaliua na miti ikawa inashonana pande zote mbili, mzee alizidi kupungua maneno. Mara nyingine alikuwa anashika kola ya koti na kuiangalia, kama fundi anayekagua mshono.

Usinge tulimkuta mwenzangu anatusubiri na baiskeli ya kubebea kikapu. Amenenepa, mshenzi. Asali imemkubali. Kibanda chake ni mabati, mabenchi, sola juu, na lile dubwana letu limekaa kwenye meza limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Nililifunua nikaliwasha, likaanza kuvuma kama mashine ya kusaga, na ile picha yetu ya zamani ya maua ikatokea. Ningeweza kulibusu. Nililibusu, kwa kweli, na vumbi lake.

Programu ikafunguka. Haikupotea. Nikachomeka diski, nikatafuta sendofu ile, nikaondoa wimbo. Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa benchi la mbele, kikapu mapajani, mgongo umenyooka kama yuko kanisani. Mtani alisimama mlangoni. Mwenzangu alikuwa ameunganisha spika zake kubwa za sinema.

Kwanza tulisikia makelele ya ukumbi, watu wanaguna, mtu anaita "jenereta!" Huyo ni mimi. Kisha kikohozi. Mama aliushika mkono wangu. Na sauti ya mzee ikajaa kibanda kizima, karibu mno, kana kwamba amekaa benchi la nyuma.

"Mwanangu, niseme upesi kabla umeme haujarudi na kabla mama yako hajatoka jikoni. Akiwepo siwezi. Mwaka ule niliolazwa kwa mgongo, wewe ulikuwa tumboni. Tumbaku yote ilikuwa shambani. Mama yako aliivuna peke yake, akaikausha peke yake, na jioni anakuja hospitali kwa miguu na chakula. Siku ya kwanza nikaona mikono yake ilivyopasuka. Nikataka kusema. Nikafungua mdomo, nikasema ugali mgumu. Hilo ndilo lililotoka. Yeye akaukata kidogo kidogo akanilisha. Tangu siku ile kila nikitaka kumwambia jambo lile, linatoka hilo hilo. Kwa hiyo mwanangu, mkinisikia nasema ugali wa mama yenu mgumu, mjue nasema nini. Huko unakokwenda, tafuta mtu akulishe hivyo. Haya, basi. Na msimwambie. Ataanza kunicheka. Wewe Mzaramo hasa, unasikia? Ukimwambia, utani umekwisha."

Na sauti ya mtani, ya ujana kidogo, ikajibu, "Mimi? Mimi kaburi." Wakacheka wote wawili. Umeme ukarudi, spika zikapasuka kwa muziki, nikazima.

Nilikuwa nafuta macho, nasema kweli, mimi ninayejigamba kwamba hakuna klipu inayonitoa machozi. Mama hakulia. Alikuwa anatazama mbele tu kwenye skrini iliyoganda, mume wake ameinama, mdomo wazi.

Sauti ya kilio ilitoka mlangoni. Yule mzee alikuwa ameegemea bati, ameziba uso na mkono wa koti, mabega yanaruka. "Nilikuambia," alikuwa anasema. "Msibani. Nilikuambia kwa sauti yake, mbele ya watu wote. Nilikuambia, shemeji. Ningefanyaje?"

Mama alisimama. Alimwendea polepole. Nikadhani atamshika bega.

"Mtani halii," alisema.

"Najua."

"Mtani akilia anatozwa faini."

"Najua, Mnyamwezi. Najua."

"Vua."

Mzee akavua koti. Alilikung'uta kwanza, akalikunja mara moja, akaona si vizuri, akalikunjua akamshikia, na mama akaingiza mkono mmoja kisha mwingine. Lilimpwaya mabegani. Akafunga vifungo vyote kimoja kimoja mpaka juu, joto lote lile la Usinge, na hakuna aliyethubutu kumwambia kuna jua.

Nilinakili ile sauti kwenye flashi, nikanakili tena kwenye simu yangu, nikanakili tena kwenye diski, maana sasa siamini kitu. Lile dubwana nililitaka nirudi nalo Tabora, mwenzangu akakataa katakata, na nikamwelewa. Niliyokuwa nimeyafanya yalitosha. Nilijisikia mtu ambaye hakuna mashine itakayomwamuru tena maisha yake yote.

Mke wa mwenzangu alikuwa amepika. Akatuandalia nje kivulini, kuku wa kienyeji na ugali unaofuka moshi. Tukanawa. Mtani, fulana tupu, alikaa upande wa pili wa sinia, macho mekundu, hana utani hata mmoja. Mama alikunja mikono ya koti mpaka kwenye viwiko ili isichovye mchuzi. Akakata tonge, akaliviringisha, akatafuna, akameza. Akalitazama sinia muda mrefu.

"Huu laini," alisema, na hapo ndipo alipolia.